Mate ya Mgeni Rasmi

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya shule ya mwanangu nikaikosa, na afisa mmoja aliyekuja nyumbani kwangu kwa mazungumzo ya kirafiki alinihakikishia kwamba haipo na haijawahi kuwapo. Kwa hiyo, msomaji, ukimkuta humu mtu anayefanana na mbunge wako, kosa ni la mbunge wako. Mimi ni fundi cherehani tu. Nashona sare za shule na mashuka ya zahanati, na yote nitakayosema nayasema kwa mapenzi makubwa kwa serikali ya nchi hiyo isiyokuwapo.

Nchi hiyo ilikuwa na Waziri wa Afya aitwaye Mheshimiwa Profesa Chogero. Alipenda maendeleo mno, akawa anayafuata ng'ambo kila alipopata nafasi. Katika safari moja akaambiwa kuwa wenzetu hawatibu tena watu kwa mkumbo. Mtu akiumwa wanasoma kwanza vinasaba vyake, yale maandishi ya mwilini anayoyarithi kwa baba na mama, ndipo wanamchagulia dawa inayomfaa yeye, kwa kipimo kinachomfaa yeye. Ni jambo zuri, na wenye akili wanalifanya taratibu, huku wagonjwa wakiendelea kupewa dawa za kawaida. Sehemu hiyo ya mwisho Profesa hakuisikia, kwa sababu basi la kuwapeleka wajumbe madukani lilikuwa limeshapiga honi.

Aliporudi alilihutubia taifa.

"Ndugu wananchi, mmedhalilishwa vya kutosha! Miaka yote hii unapewa kidonge kilekile anachopewa jirani yako. Je, jirani yako ni wewe? Mnavaa kiatu kimoja?"

Tukapiga kelele kwamba hatuvai kiatu kimoja. Wengine wetu tulikuwa tunavaa kweli, kwa zamu, lakini hukumu ya umati ilikuwa hapana.

Basi akatangaza Mpango wa Taifa wa Tiba ya Shabaha. Kaulimbiu ilikuwa "Raia Mmoja, Kidonge Kimoja". Dawa zote tulizozizoea zikapewa jina la Dawa za Jumla, zikapigwa marufuku siku hiyohiyo. Mwandishi mmoja aliuliza kwa nini zipigwe marufuku kabla hizo mpya hazijafika. Profesa akamjibu kwamba serikali makini haiwezi kuruhusu mkanganyiko, na tangu hapo sijaiona tena makala ya mwandishi yule.

Nilishangilia pamoja na wenzangu. Nilipofika nyumbani ndipo nikamkumbuka mdogo wangu Sikudhani.

Sikudhani ni mpika chapati. Ana kibanda chake karibu na stendi, jiko lake la mkaa, kikaango chake kipana, na ulimi wake ambao wateja wanaukubali kwa sababu chapati zake ni laini. Pia ana kifafa. Alipokuwa msichana alikuwa akianguka popote, kisimani, darasani, msibani, mpaka zahanati walipompa vidonge fulani vyeupe, vya kawaida kabisa, asubuhi kimoja na jioni kimoja. Akaacha kuanguka. Mdogo wangu alianza kukaa mbele ya moto na mafuta yanayochemka, na mimi nilianza kushona bila kusikiliza kelele za nje. Vidonge vile vyeupe ndivyo vilivyokuwa Dawa za Jumla.

Siku ya kuteketeza dawa tulialikwa uwanjani. Maboksi yalipangwa mpaka yakafika urefu wa goli. Lakini kuni zilikuwa chache na kamera zilikuwa na haraka, basi likachomwa boksi moja kwa niaba ya mengine. Hayo mengine yakarudishwa kwenye stoo ya zahanati, kando ya uwanja, yakafungiwa kwa kufuli kubwa, na kisheria yakahesabiwa kuwa ni majivu. Kupitia nondo za dirisha la stoo ile niliweza kuyaona vizuri. Boksi la vidonge vya Sikudhani lilikuwa la tatu kutoka juu, likiwa zima kabisa.

*

Sasa lazima nieleze desturi ya nchi ile, maana mgeni hawezi kuelewa yaliyofuata.

Nchi ile haianzi jambo lolote bila mgeni rasmi. Choo cha shule hakiingiwi mpaka mgeni rasmi akate utepe, na nimewaona watoto wakibana miguu foleni nzima huku wakiimba wimbo wa kumkaribisha. Na mgeni rasmi, kwa kuwa ni mtu mkubwa, huwa haji. Anawakilishwa. Anayemwakilisha naye ni mtu mkubwa, basi naye anawakilishwa. Kanuni ya itifaki ni moja tu: anayemwakilisha mkubwa ndiye mkubwa mwenyewe kwa muda wote wa shughuli, na atakayecheka atatafutiwa kosa jingine la kumfunga.

Uzinduzi wa kukusanya vinasaba ulifanyika katika tarafa yetu. Kila raia angetema mate ndani ya kichupa, mate yapelekwe kwenye mashine kubwa mjini, mashine isome. Na wa kwanza kutema, bila shaka, alikuwa Mheshimiwa Rais.

Mheshimiwa Rais aliwakilishwa na Waziri Chogero. Waziri aliwakilishwa na Naibu wake. Naibu aliwakilishwa na Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya, na Mkuu wa Wilaya alipatwa na kikao cha ghafla. Kwa hiyo aliyekaa kwenye kiti kikubwa chenye kitambaa cha dhahabu, nilichokishona mimi, alikuwa Afisa Tarafa wetu, Bwana Mgalula. Yeye pia ndiye aliyeteuliwa kuwa Mratibu wa Tiba ya Shabaha.

Bwana Mgalula alisoma hotuba zote. Alisoma ya Rais, akasoma ya Waziri, akashuka nazo ngazi baada ya ngazi mpaka ya kwake. Kila hotuba ilianza kwa kumshukuru sana aliyetangulia kuzungumza, basi alijishukuru sana, na kila mara aliinama kidogo kuzipokea shukrani. Jua lilikuwa kali. Alipomaliza, nesi akamletea kichupa kwenye sinia.

Mgalula akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Hotuba zilikuwa zimemkausha.

"Nipeni maji," akasema kwa sauti ya kukwaruza.

"Hairuhusiwi, Mheshimiwa Rais," nesi akamjibu kwa adabu. "Ukinywa maji sasa hivi sampuli inaharibika. Mpaka tusubiri."

Lakini ratiba ilisema mate yatemwe, kisha ngoma. Meza kuu wakanong'onezana. Pale pembeni ya jukwaa bendi ya halmashauri ilikuwa imetoka kupiga wimbo wa taifa, na mpiga tarumbeta, Mzee Pazi, alikuwa ameiinamisha tarumbeta yake anakung'uta mate. Yalikuwa yanadondoka mengi, bila jitihada yoyote.

Msomaji, umeshaelewa. Mzee Pazi alipandishwa jukwaani na kukalishwa kwenye kiti cha dhahabu. Mshereheshaji akatangaza, "Sasa Mheshimiwa Rais anatema!" Bendi ikampigia wimbo wa taifa, ukiwa na pengo pale tarumbeta inapotakiwa kuingia. Mzee Pazi akajaza kichupa, akafuta mdomo kwa mkono, akauliza kama anaweza kwenda zake. Kichupa kikafungwa kwa lakiri, kikawekwa ndani ya gari la peke yake, likaondoka na king'ora.

Baadaye tulitema sisi. Sikudhani alitema mbele yangu.

"Na hawa wakishajua mate yangu yamesemaje, watanirudishia vidonge vyangu?" akamuuliza nesi.

"Watakupa vilivyo bora zaidi, dada."

"Mimi sijaomba bora. Nimeomba vyangu."

*

Mashine ilianza kusoma. Mkuu wa mashine alikuwa Daktari Rehani Mwasaru, mwanamke aliyeisomea kazi hiyo, na hilo ndilo lililomponza. Aligundua kwamba Wizara imeagiza sampuli ya kwanza iitwe Kielelezo cha Taifa, na raia wengine wote wapimwe kwa kulinganishwa nayo. Palipo na tofauti, mashine iandike "kasoro".

Akaomba kumwona Waziri. Dereva wa Waziri, ambaye suruali zake nazipunguza mimi, alikuwa mlangoni na alisikia yote.

"Mheshimiwa, mtu mmoja hawezi kuwa kipimo cha watu wote. Na tofauti si ugonjwa. Hizo tofauti ndizo tunazozitafuta. Ndizo zinazotuambia nani dawa itamfaa na nani itamdhuru."

"Daktari," Profesa Chogero akamkatiza, "unataka kuniambia raia ana haki ya kutofautiana na Mkuu wa Nchi mpaka kwenye damu?"

"Kila mtu ana tofauti, Mheshimiwa. Hata wewe."

Hapo ndipo alipokosea. Daktari Mwasaru alihamishiwa Idara ya Mabwawa ya Samaki, ambako tofauti zinaruhusiwa. Mashine ikaachiwa kijana wa itifaki.

Matokeo yakatoka na baraza la mawaziri likaketi kwa dharura. Ilibainika kwamba nchi nzima, kuanzia mpakani hadi mpakani, hakuna raia hata mmoja anayefanana na Rais kikamilifu. Waziri wa Usalama alitaka kujua njama hiyo ilianza lini. Wakatulizwa na habari njema: Kielelezo cha Taifa kilikuwa na mwelekeo wa kurithi ugonjwa wa jongo, ule wa kuvimba kidole gumba cha mguu, ambao zamani ulisemekana ni wa wala nyama na wenye nafasi zao. Mawaziri walipiga makofi. Walisema huo ndio ugonjwa unaomstahili kiongozi.

Sasa kama Kielelezo kina jongo, na tiba lazima ilenge Kielelezo, basi dawa ya taifa ni ya jongo. Wakaagiza meli nzima.

Zahanati yetu ilijaa dawa za jongo hadi kwenye chumba cha kujifungulia. Kila paketi ilikuwa imechapwa jina la mwenyewe kwa wino wa buluu. Hapo ndipo ulipoonekana ule ulengaji tulioahidiwa: Sikudhani alipewa dawa ya jongo ya Sikudhani, mimi nikapewa yangu, na mtoto wa jirani, mwenye wiki chache duniani, akapewa yake. Mama mmoja alipewa ya jirani yake kwa bahati mbaya, na nesi alimkimbilia hadi sokoni kumnyang'anya, kwa sababu kumeza dawa ya mtu mwingine ni hatari.

*

Sikudhani alianguka siku ya soko. Alikuwa amesimama, kwa hiyo aliangukia upande wa unga, si upande wa jiko. Tukamshukuru Mungu. Mara ya pili aliangukia upande wa jiko.

Mkono wake wa kushoto uliungua kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Nilifika nikakuta wateja wamemmwagia maji, yeye ameshazinduka, amekaa chini anautazama mkono. Hakulia. Aliniuliza kama chapati zilizokuwa kwenye kikaango zimeungua. Mimi ndiye niliyelia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Nilikwenda zahanati. Bwana Mgalula alikuwa amehamishia ofisi yake pale, mlango unaotazamana na stoo. Kufuli nililiona na boksi nililiona.

"Bwana Tarafa, naomba vidonge vya mdogo wangu. Vile pale, la tatu kutoka juu."

"Pale hakuna kitu, Fundi. Yale ni majivu."

"Nayaona ni maboksi."

"Macho yako yanaona maboksi. Sheria inaona majivu. Wewe na sheria, nani mkubwa?" Akanivutia kiti. Hakuwa mtu mkali, na hilo liliniumiza zaidi. "Hebu kuwa mstaarabu. Yaani tumefika hapa tulipofika, na wewe unataka dada yako atibiwe kwa mkumbo kama ng'ombe wa josho?"

"Ng'ombe wa josho hawaungui mikono."

"Na isitoshe," akaendelea, "nimeangalia matokeo yake. Kielelezo hakina kifafa. Sasa dada yako amekitoa wapi?"

Nikamuuliza nani anaweza kuruhusu stoo ifunguliwe. Akanielekeza wilayani. Wilayani nikamkuta kijana anayemwakilisha Mkuu wa Wilaya, akasema yeye anawakilisha tu, hawezi kuamua. Mkoani nikamkuta mama anayemwakilisha Mkuu wa Mkoa. Alinihurumia sana, akanipa chai, akasema huruma hiyo anaitoa kwa niaba ya Mkuu wa Mkoa. Wizarani jengo zima lilikuwa limekwenda ng'ambo kwenye mkutano wa Tiba ya Shabaha kueleza tulivyofanikiwa. Mlinzi wa getini akasema kwa sasa yeye ndiye Waziri, lakini hana ufunguo wa choo sembuse wa stoo.

Nilirudi nikiwa nimechoka na nimekasirika kiasi cha kushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Wakati huo Sikudhani alikuwa amerudi kwenye kibanda chake. Nilimkuta anasukuma chapati kwa mkono mmoja, ule mwingine umefungwa kanga.

"Acha kidogo kazi ya moto," nikamwambia.

"Nikiacha nitakula nini, kaka? Dawa ya jongo?"

Basi nikarudi kwa Mgalula na kumwambia sitoki. Aliponiona nimejifunga kwenye kiti chake kwa utepe wangu wa kupimia, akafungua kabati, akatoa sheria, akaipekua kwa uchungu wa mtu anayetafuta njia ya kwenda kula mchana.

"Kuna kifungu," akasema. "Dawa isiyolingana na Kielelezo itatolewa tu kwa ridhaa ya Kielelezo mwenyewe. Yaani Rais. Sasa nenda kamtafute Rais."

Nikafikiri.

"Aliyetema mate ni nani, Bwana Tarafa?"

"Rais."

"Kwa kuwakilishwa na nani?"

Akatazama dirishani, akatazama mlangoni. "Fundi, hilo halisemwi." Akaifunga ile sheria. "Lakini pia halikanushwi."

*

Mzee Pazi alikuwa amewekwa kwenye nyumba ya wageni wa serikali, nyuma ya uwanja, chini ya ulinzi wa askari wawili. Mwili wake ulikuwa mali ya taifa. Nilipenya kwa urahisi kwa sababu walikuwa wamenitafuta siku nyingi nikamwachie suruali nafasi kiunoni. Walikuwa wanamlisha nyama asubuhi, mchana na jioni, ili lile jongo lisije likakawia na kuiaibisha mashine.

Nikampima kiuno huku nikimweleza habari za mdogo wangu. Alisikiliza akiwa ameinua mikono.

"Anaitwa nani?" akauliza.

Katika safari zangu zote, wilayani, mkoani na wizarani, hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nikamwambia anaitwa Sikudhani.

"Yule wa chapati pale stendi? Jamani! Mimi nimekula kwake tangu sijaota mvi." Akashusha mikono. "Ndugu yangu, mimi hapa nina pumu. Nikiwaambia nataka dawa ya pumu wananiambia Kielelezo hakina pumu, mashine haijaiona. Nikikohoa, wanafunga dirisha. Tarumbeta wameninyang'anya, wanasema nitaumaliza mdomo wa taifa. Ridhaa ni kitu gani? Nimekubali. Mwambie Mgalula nimekubali, stoo ifunguliwe, vitolewe vyote."

Mmoja wa askari alipeleka habari. Nilitegemea ubishi, lakini Bwana Mgalula alifurahi hadi akasimama. Kielelezo cha Taifa kimeridhia! Hilo ni tukio, na tukio linahitaji maturubai, viti, bendi na televisheni. Ridhaa aliitafsiri kufuatana na kaulimbiu: raia mmoja, kidonge kimoja. Nilijua kidonge kimoja hakimsaidii mtu wa kifafa. Nikajipa moyo kwamba kufuli likishafunguliwa mara moja mbele ya watu, hawatakuwa na uso wa kulifunga tena. Nilikuwa bado naijua vibaya nchi yangu. Samahani, nchi ile.

*

Siku ya kukabidhi kidonge walijaa watu. Wageni walikaa kwenye kivuli cha maturubai, na mgonjwa akawekewa kiti katikati ya uwanja, juani, ili kamera zimpate vizuri. Nilisimama nyuma yake kumkinga na mwavuli, mtu wa televisheni akaniambia mwavuli unaharibu picha. Sikudhani alikuwa amevaa gauni nililomshonea, lenye mkono mmoja mpana wa kupitisha bandeji.

Kidonge kilikuwa juu ya meza, kwenye sinia, kimefunikwa kwa kitambaa chenye nembo. Nyuma ya meza alikaa Mzee Pazi kwenye kiti cha dhahabu, amenenepa, askari huku na huku. Alipomwona Sikudhani alisimama palepale, akafunua kitambaa.

"Chukua, mwanangu, meza, haya mengine yatafuata."

Mtu wa itifaki akamkalisha taratibu kwa kumshika mabega. "Mheshimiwa Rais, mgeni rasmi anakabidhi mwisho. Baada ya hotuba."

Na hotuba zikaanza. Waziri aliwakilishwa, Naibu aliwakilishwa, mkoa na wilaya ziliwakilishwa, wote na Bwana Mgalula, safari hii akiwa na chupa ya maji mkononi. Alitueleza vinasaba ni nini. Alitueleza kwamba duniani kote wanatuonea wivu. Alisema siku hii itaandikwa.

"Kaka," Sikudhani akaniita, "kichwa kinaanza."

Niliujua mwanzo ule. Nikapaza sauti, "Bwana Tarafa, mpe dawa sasa hivi, hotuba utamalizia!"

"Mgonjwa ana haraka," mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, na watu wakacheka.

Akaanguka. Nilimlaza ubavu, nikasukuma kiti mbali, nikamwekea koti langu chini ya kichwa. Mwili ulimkakamaa, kisha ukaanza kutetemeka, na ule mkono ulioungua ukawa unapiga chini mimi siwezi kuushika bila kuuumiza. Mzee Pazi alitaka kuruka kutoka jukwaani. Askari wakamdaka hewani wakilia, "Mguu, Mheshimiwa! Mguu wa taifa!"

Hotuba ilisimama. Mtu wa televisheni akaangalia saa yake, akasema wao wanaondoka, wana uzinduzi wa kisima mahali pengine.

"Mgonjwa anaweza kumeza?" Mgalula akauliza.

"Hawezi sasa hivi," nikasema. "Mtu akiwa hivi haguswi mdomo. Subirini kidogo, atazinduka, atameza mwenyewe. Nawaombeni. Kiacheni hapo tu, msubiri."

Wakanong'onezana meza kuu. Kamera ilikuwa inaanza kukunjwa miguu. Na hapo, msomaji, Bwana Mgalula alivuta pumzi, akalipapasa koti lake, akaiacha hotuba na kwenda kusimama mbele ya Mzee Pazi kwa heshima zote.

"Kwa kuwa mgonjwa ameshindwa kufika mezani," mshereheshaji akatangaza, "kidonge kitapokelewa kwa niaba yake!"

Mzee Pazi alikataa kukitoa. Askari mmoja akamshika mkono, akaunyoosha, na kidonge kikakabidhiwa. Mgalula akakigeuzia kamera pande zote mbili. Akakitia mdomoni, akanywa maji, akameza, akakunja uso.

"Kichungu," akasema, na uwanja mzima ukapiga makofi.

Nesi alikuwa tayari ameshatumwa kulirudisha kufuli mahali pake. Nililisikia likibana, maana bendi ilikuwa haijaanza.

Sikudhani alizinduka polepole. Alikuwa ameng'ata ulimi, damu ikamtoka pembeni ya mdomo, na alinitazama kwa muda kabla hajanitambua.

"Nimeshapewa?"

Nilimfuta ile damu kwa mkono wa shati. Alitazama sinia tupu, akamtazama Mgalula anayefuta mdomo kwa leso, akaelewa bila kuambiwa.

"Basi mwambieni huyo aliyemeza," akasema kwa sauti nzito ya ulimi uliovimba, "kesho alfajiri aje akakaange chapati kwa niaba yangu. Na akianguka, aungue yeye."

Bwana Mgalula alilipokea ombi hilo kwa uzito unaostahili. Alifungua shajara yake, akasikitika kwamba kesho ana kikao, akaahidi kutuma mwakilishi.

Nilimbeba mdogo wangu mgongoni, kama nilivyokuwa nikimbeba alipokuwa msichana mdogo anayeanguka kisimani. Kichwa chake kilikuwa begani kwangu, miguu yake inaning'inia. Tulipokatiza katikati ya umati, mshereheshaji alitangaza nyuma yetu kwamba mgonjwa amepona, na kwamba hivi sasa mnavyomwona, ndugu wananchi, anaondoka kwa miguu yake mwenyewe. Watu walitutazama, wakatupisha njia, wakapiga makofi.